Sauti Niliyomwazima Mwanao

Kwa Seremala, rafiki yangu na mkwe mwenzangu,

Pokea salamu nyingi, na ukiona zimezidi zipunguze mwenyewe kwa randa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, au angalau ukilalamika kwa nguvu zako zote: mgongo, bei ya mbao, majirani. Siku utakayoacha kulalamika ndiyo siku nitakayokutafutia sanda. Shemeji hajambo? Msumeno wako bado unakula mbao, au siku hizi unakula vidole tu? Sisi huku tunapumua. Binti yangu hajambo. Mjukuu wetu ameota meno ya mbele na anatuuma wote bila ubaguzi. Mwanao anakwenda kazini na kurudi. Mimi nipo, habari zangu utazikuta mbele.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu, hata mimi nashangaa. Shule niliachia darasa la nne, na sababu unaijua kwa kuwa tulifukuzwa pamoja. Nilijibanza nyuma ya dirisha nikaongea kwa sauti ya mwalimu mkuu, darasa zima likafunga madaftari likaenda nyumbani, naye mwalimu mkuu akawa mtu wa mwisho kujua kwamba amefunga shule. Tangu siku hiyo ukaniita Kasuku, na jina likaninata kama gundi yako. Kwa hiyo ukikuta herufi zimelala chali humu, zisamehe. Nina ombi moja tu. Soma peke yako, usimpe mtu akusomee. Vaa ile miwani yako yenye mguu mmoja, kaa kitako, usome mpaka mwisho kabla hujafanya lolote.

Nianze na lugha ya huku, maana yote yametokea humo.

Mkwe, lugha ya hawa watu imefungwa kila upande. Sisi kwetu neno huishia mdomo ukiwa wazi: maji, mlango, nyumba, mama. La kwao huishia mdomo umebanwa, kama mtu aliyechungulia akaona mgeni akafunga mlango upesi. Halafu herufi zao tatu nne hupita kwa pamoja bila hata a moja ya kuziamulia, kama watu wanaogombania kutoka chumba kinachoungua. Mwanao alishindwa kabisa. Maana za maneno alizijua, na kusoma alisoma hata magazeti, lakini kila neno likifika mdomoni alilivalisha mkia wa i au u ambao hawana, na katikati akalitilia mito ya kulalia. Wenyeji wakawa wanatega sikio, wanakunja uso, wanamuuliza: nini? Dukani, nini. Hospitali, nini. Kwa mwenye nyumba, nini.

Unakumbuka mwanao alivyokuwa mdogo. Si wewe uliyemwita Chiriku, kwa sababu alikuwa akiongea hata usingizini? Basi Chiriku huyo nilipofika huku nilimkuta bubu. Akitaka mkate anaonyesha kwa kidole. Mtu mzima kuulizwa nini kutwa nzima ni kama kuvuliwa nguo sokoni, kila siku, na kila siku aokote aende zake.

Binti yangu ndiye aliyemburuta kwenye darasa la watu wazima. Ni ukumbi mmoja nyuma ya kiwanda cha rangi, wenye viti vya watoto, kwa hiyo ukikaa magoti yanakugonga kidevu. Nami nikafuatana nao, si kwa kupenda elimu, unanijua, ila kwa sababu ukumbi una joto. Mwalimu ni mama mwembamba mwenye subira ya kinyozi anayenyoa mtoto. Alimpa kila mtu kioo kidogo ajitazame ulimi, na ukanda wa karatasi aushike mbele ya midomo, aone kama pumzi inautikisa inavyotakiwa. Ungekuwepo ungekufa kwa kicheko. Mwashi mmoja, baba wa watu, mikono kama koleo, kila akitaka ra alitoa la, akajikodolea macho kwenye kioo kama anayemdai aliyemo. Mshonaji alipuliza mpaka karatasi ikamponyoka. Dereva wa lori alikuwa na sauti moja aliyoitafuta kooni kama mtu aliyemeza mwiba. Na mwanao, mkia wake uleule.

Mimi nikawa nakaa nyuma nikiwaigiza. Kwanza niliwaigiza wanafunzi, nikachoka, nikamwigiza mwalimu. Akasema neno, nikalirudia. Akageuka kutazama mlangoni, akidhani kaingia mwenyeji. Akanijia, akanipa neno gumu zaidi, nikamrudishia kama lilivyotoka, na kikohozi chake kidogo juu yake. Akaniuliza maana yake. Nikamwambia, mwanao akitafsiri, kwamba kaseti haiulizwi maana ya wimbo. Hapo mwalimu akawaambia wote kwamba ulimi wa mtu mzima ni mkavu lakini unapindika, kinachokataa kupinda ni aibu. Mtu mzima hushindwa kutamka kwa sababu anajisikia. Akaninyooshea kidole akasema mzee huyu hana aibu hata chembe. Mwanao alinitafsiria sentensi hiyo kwa furaha kupita kiasi.

Laiti mambo yangeishia hapo.

Mwanao anafanya kazi kwenye ghala la baridi. Vyumba kama viwanja vya mpira, rafu mpaka darini, nyama na samaki wamelala kama mawe, na watu wamevaa makoti manene wanatembea kama madubu. Zamani walipewa karatasi ya mizigo. Mwaka huu kampuni ikaleta mashine. Kila mtu amevishwa kidude masikioni chenye kijiti mbele ya mdomo, na ndani yake kuna sauti ya mwanamke. Wafanyakazi wanamwita Bi Mkubwa. Bi Mkubwa anakwambia nenda rafu fulani, wewe unamsomea namba iliyoandikwa pale, akielewa anasema sawa. Asipoelewa anasema rudia. Ukirudia mno, unaitwa ofisi ya juu. Mwanao alinieleza kwamba waliokwenda ofisi ya juu hawakurudi hata kuchukua vikombe vyao vya chai. Vikombe vikabaki vimepangwa dirishani, kila kimoja na jina lake.

Sasa, kabla Bi Mkubwa hajaanza kukusikiliza, lazima umfundishe sauti yako. Unamsomea maneno na namba, anazishika, na tangu hapo anakujua wewe kama ng'ombe anavyomjua mkamuaji. Ghalani kuna kelele, kwa hiyo kampuni ikaruhusu kila mtu achukue kidude Jumamosi akafundishie nyumbani. Mwanao alikaa jikoni kutwa. Bi Mkubwa anasema rudia, naye anarudia. Nilimsikia akianza kwa heshima, akaenda kwa kubembeleza, akamalizia kwa kunong'ona. Mwisho akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, na kidude mapajani. Binti yangu alimpelekea chai, hakuiona. Wote tulijua Jumatatu kikombe chake kitapangwa dirishani, na karatasi za kukaa nchi hii zimefungwa kwenye kazi hiyo kama mbuzi kwenye kigingi.

Seremala, mimi sikuwaza. Nilikichukua kile kidude kwa utani, nikakivaa juu ya kofia yangu, nikasafisha koo, nikamsomea Bi Mkubwa maneno yake yote kwa sauti ya yule mwalimu mwembamba iliyolainishwa na uzee wangu. Akasema sawa. Sawa, sawa, sawa, mpaka mwisho, akashukuru na kumtaja mwanao kwa jina. Tukacheka mpaka mjukuu akaanza kulia. Nilijiona mtu wa maana. Nilisema, nakumbuka vizuri, kwamba mtu na mkwewe ni kitu kimoja.

Jumatatu mwanao akaingia kazini na Bi Mkubwa hakumjua. Hata namba aliyoitamka vizuri hakuipokea, kwa sababu haikutoka kwangu. Basi kwa kubanwa akafanya la pekee aliloweza: akasafisha koo kama mimi, akaniigiza. Bi Mkubwa akasema sawa.

Akawa akirudi jioni ananikalisha jikoni nimsomee, naye ananifuata. Na hapa ndipo palipo ajabu. Mtu aliyeshindwa na lugha miaka miwili alinijua mimi kwa majuma machache. Mikia ikakatika, mito ikaondoka, midomo ikafunga pale inapofunga. Mwalimu alimpigia makofi darasani. Kwa nini aliweza? Kwa sababu si yeye aliyekuwa akisema. Akikosea, nimekosea mimi. Aibu ilibaki nje na koti.

Mwanzo ilikuwa mchezo mezani. Anasema nipitishie chumvi kwa sauti yangu, tunacheka. Kisha akamjibu mwenye nyumba kwa sauti hiyo, na mwenye nyumba, ambaye hakuwahi kumjibu ila kwa nini, akamwita bwana. Baadaye nikamsikia akiitumia kwa lugha yetu wenyewe, kumwita mtoto. Mtoto akakimbilia kwangu, akanitazama mdomo, akaona umefungwa, akajificha chini ya meza. Kile kikohozi changu cha kabla ya kusema, anacho. Lile neno langu, ala kumbe, analo. Siku moja binti yangu alikuwa anakunja nguo, mumewe akamsemesha kwa nyuma, naye akaitika: naam, baba. Akageuka akamwona. Alikaa juu ya zile nguo alizokwisha kunja. Baadaye akaja kuniuliza, taratibu, bila kunitazama, nimemwoza kwa nani. Siku hizi wakifunga mlango wa chumba chao amemkataza kusema neno lolote. Utani wa mtu na mkwewe una mipaka, na mimi, mzee nisiye na haya, hapo niliona haya.

Nikamwambia mwanao aache. Nikamwambia nyumbani aseme kwa sauti aliyozaliwa nayo, hiyo nyingine aiache ghalani pamoja na buti. Ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mkewe.

Kwa kuwa Bi Mkubwa anamsifu, kampuni imempandisha. Amepewa chumba cha ndani, chenye baridi kuliko vyote, ambako mtu huingia peke yake. Mlango wake hufunguka kwa sauti, kwa sababu glavu ni nene na mikono inakufa ganzi. Unamwambia Bi Mkubwa fungua, anafungua. Upo mpini wa kufungulia kwa mkono, lakini barafu imeushika, na fundi ameahidi kuja. Wewe ni fundi, unajua ahadi zetu. Basi siku moja boksi liliteleza juu ya rafu likampiga begani. Akashtuka, akasahau, akakimbilia mlangoni akaita fungua. Aliita kwa sauti yake mwenyewe, Seremala, ile uliyomsikia nayo siku alipozaliwa. Bi Mkubwa akasema rudia. Akarudia, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyozidi kuwa yeye. Mikia yote ikarudi. Rudia, rudia. Akajaribu kuniigiza, meno yanagongana, sauti yangu haikuja. Alitolewa na mfanyakazi mwingine aliyeingia kutafuta toroli. Kope zake zilikuwa zimeshikana.

Tangu siku hiyo mwanao anaiogopa sauti yake kama mtu anavyoogopa mbwa aliyemuuma mara moja. Anasema akiitumia hata kidogo, hata nyumbani, hata kwa kucheka, siku moja itamponyoka kule ndani. Kwa hiyo ameiacha kabisa. Anaamka na yangu. Anapiga mswaki na yangu. Nilimsihi aende ofisi ya juu akaseme ukweli, potelea mbali kazi na karatasi, tutarudi tukalale kwenye takataka zako za mbao. Alinitazama akasafisha koo. Akaniuliza, kwa sauti yangu, akienda kusema ukweli, ni nani hasa atakayekuwa anausema. Nikachukua kofia yangu nikamkimbia. Mimi, Kasuku.

Na sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Kaa vizuri.

Koo langu lilianza kukwaruza tangu wakati ule wa mazoezi. Nilidhani ni kusema mno. Sauti ikashuka, ikawa pumzi tu, na mwezi huu wote nanong'ona kama mwizi. Daktari ameniingiza kioo kidogo mdomoni, kama vile vya darasani, akaona kitu. Watanipasua juma lijalo, waondoe kisanduku chote cha sauti. Amesema nitaishi, ila sitasema tena. Nilimcheka, akadhani nalia.

Sikutaka ujue. Wewe una moyo wa mninga nje, ndani ni wa mbao za maboksi, nikaogopa utaanguka. Jumapili moja ulipopiga simu, na simu yako ile ya tochi haionyeshi sura, nikamkabidhi mwanao. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi: mara moja tu, mwambie sijambo. Akasema sijambo. Ukacheka, ukamtukana kama unavyonitukana, akakutukana. Jumapili iliyofuata tena. Na iliyofuata.

Kwa hiyo yule uliyekuwa ukizungumza naye mwezi mzima si mimi, Seremala. Ni mwanao.

Na Jumapili iliyopita ulimwambia mambo. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni nikasikia, maana unaongea kama unayeita mtu ng'ambo ya bonde. Ulimwambia kijana wako amekuwa jiwe, hapigi simu, na akipiga hasemi. Ulimwambia umeacha kumhesabu, na karakana utampa mpwa wako, kwa sababu mpwa angalau anakuita baba. Mwanao akakusikiliza mpaka mwisho. Akakujibu kwa sauti yangu kwamba watoto wa siku hizi ndivyo walivyo, usijisumbue, na akatia ule mzaha wangu wa jogoo na mwanawe. Ukacheka. Naye akacheka, kicheko changu chote, mpaka mwisho wake. Alipoweka simu nilimtazama nione kama atalia. Hakulia. Alikuwa anasugua goti la kushoto, Seremala, goti langu bovu. Yake yote mawili ni mazima.

Shemeji alipokuomba simu amsalimie Kasuku, alisikiliza kidogo, kisha akakurudishia bila kuaga. Ulisema amezeeka, amesahau adabu. Muulize alisikia nini. Mama hadanganywi na mashine wala na mkwe.

Sikuandiki ili unisamehe. Ukinisamehe utani wetu utaharibika. Nakuandikia kwa kuwa nimejaribu kila mlango wa nyumba hii na umebaki wa kwako. Jumapili ya kwanza baada ya barua hii kukufikia, piga simu. Itapokelewa na mtu atakayekohoa kidogo na kusema ala kumbe, bado hujafa. Usimjibu kama unavyonijibu mimi. Usicheke, maana ukicheka utampoteza. Mwite Chiriku. Mwite kama ulivyokuwa ukimwita kutoka karakana, jua likiwaka na yeye yuko juu ya paa la jirani. Kisha nyamaza usubiri, hata salio likiisha, piga tena usubiri. Mwambie ni baba, na kwamba wewe humwambii arudie. Kule kazini kuna mlango unaofunguka kwa sauti yangu. Kwako kuna mlango usiofunguka ila kwa yake, na lazima aukumbuke kabla hajausahau.

Akijibu kwa sauti yake, mwambie aache kazi siku hiyohiyo arudi nyumbani, atakusikia wewe. Akijibu kwa yangu, sijui nikwambie nini. Usikate simu tu.

Nisalimie shemeji, na umwambie masikio yake ni mazima kuliko yako. Msalimie mpwa wako, asikimbilie kuchukua randa. Wasalimie wote wanaoniuliza, na wasioniuliza wasalimie mara mbili, niwaudhi. Binti yangu anawapa heshima zake, na mjukuu anawauma.

Mimi ni rafiki yako wa tangu dirisha lile,
Kasuku

Nyongeza: Barua hii ataitia posta binti yangu, si mumewe. Mumewe amepita hapa sasa hivi akauliza namwandikia nani, nikamwandikia pembeni: salamu tu. Amekwenda jikoni. Hivi nalamba bahasha nifunge, nasikia kule jikoni ninacheka, na mimi niko hapa, nimefumba mdomo.